Maji mwilini kwenye joto la Pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kaskazi likianza kuvuma, kuanzia Desemba mpaka Machi, maswali ni yaleyale Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yanayohitaji daktari. Mwenye mtoto anayeharisha asipoteze muda huku juu, aende moja kwa moja swali la 21.

## Mambo ya msingi

1. Kwa siku ninywe maji kiasi gani?

Hakuna kipimo kimoja cha watu wote. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanaume, kwa mtu asiyefanya kazi nzito na anayeishi mahali pasipo na joto kali. Wamarekani, mwaka 2004, walitaja lita 2.7 na 3.7. Wataalamu wenyewe wametofautiana kwa zaidi ya lita moja kwa mwanaume, kwa hiyo usizichukue namba hizi kama amri.

Jambo ambalo wengi hulikosa: vipimo vyote hivyo vinahesabu maji ya kila aina, yaani chai, uji, mchuzi, tunda, hata maji yaliyomezwa na wali ulipokuwa jikoni. Si maji ya glasi peke yake. Mtu anayebeba zege juani anaweza kutoka jasho la lita moja au zaidi kwa saa moja, wakati karani wa chini ya feni hata shati halijalowa. Hawa wawili huwezi kuwapangia kiasi kimoja. Afadhali kila mmoja afuate dalili za swali la 3.

2. Zile glasi nane zimetoka wapi?

Asili inayotajwa zaidi ni mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 1945, uliosema mtu mzima anahitaji kama lita 2.5 kwa siku. Sentensi iliyofuata ilisema sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Watu wakaibeba sentensi ya kwanza, ya pili wakaiacha kitabuni. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa huko Marekani, alichapisha makala baada ya kutafuta ushahidi wa kisayansi wa glasi nane kwa mtu mzima mwenye afya, na hakuupata.

Ukizinywa glasi nane hazikudhuru. Ila kama umekula uji, ukanywa chai mara mbili na mchana ukapata mchuzi, huna sababu ya kujilaumu kwa glasi ya saba na ya nane.

3. Nitajuaje kama maji yananitosha?

Angalia mkojo wa mchana, si ule wa alfajiri. Wa alfajiri huwa mzito kwa kila mtu kwa sababu umelala saa nyingi hujanywa. Mkojo wa mchana ukiwa wa njano iliyofifia, uko sawa. Ukiwa njano iliyokolea, mchache na wenye harufu kali, ongeza. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba siku nzima, unakunywa kuliko mahitaji yako.

Kiu nayo ni kipimo kizuri kwa mtu mzima mwenye afya. Inakosea kwa wazee (swali la 23) na kwa anayefanya kazi nzito juani (swali la 17). Dalili nyingine ni midomo kukauka, kichwa kuuma jioni, choo kigumu, na uchovu usio na sababu. Lakini usiyasingizie maji kila kichwa kinapouma. Malaria na presha zipo.

4. Mbona joto la Dar linanichosha kuliko la Dodoma?

Ni unyevunyevu wa hewa. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Pwani hewa imeshajaa mvuke, jasho halikauki, linachuruzika tu mpaka kwenye mkanda. Unapoteza maji na hupoi. Ndivyo pia mtungi wa udongo unavyopoza maji vizuri Dodoma na kwa kusuasua Tanga: maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, yakikauka nje yanaondoka na joto, na hewa yenye unyevu inakataa kuyakausha.

Wa bara nao wasijisahau. Huko jasho hukauka haraka, mtu asilione, akadhani hajatoka jasho kabisa.

## Maji yaliyomo kwenye sahani

5. Chakula kinaingiza maji kweli, au ni maneno tu?

Kinaingiza, tena mengi. Tango ni maji kwa takriban asilimia 95, nyanya 94, tikiti 91, papai 88, chungwa 87, nanasi 86, embe 83. Hata ndizi mbivu ni asilimia 75. Mchicha uko juu ya 90. Wali uliopikwa unakaribia 70, na maharage yaliyochemshwa ni theluthi mbili maji kabla hujahesabu mchuzi wake. Kipande cha tikiti cha gramu 300 kinakupa maji ya zaidi ya glasi moja.

Chukua siku ya anayekula nyumbani: asubuhi kikombe cha uji, saa nne chai, mchana wali maharage na mchicha, baadaye chungwa moja, usiku ugali na samaki wa mchuzi. Huyo ameshaingiza zaidi ya lita moja kabla hajagusa glasi ya maji. Sasa mweke kando ya mwenzake aliyekula maandazi makavu asubuhi, chipsi mayai mchana na mishkaki usiku. Huyu wa pili hafikii hata nusu ya hapo, na ndiye atakayelalamika kwamba choo hakipatikani.

Hesabu za Ulaya na Marekani zinasema chakula hutoa kama sehemu moja ya tano ya maji ya siku. Kwa mlo wetu wa mchuzi, uji na mboga za majani, nadhani hesabu hiyo inatupunja.

6. Asubuhi nile nini nisikauke mpaka mchana?

Uji. Wa mahindi, wa ulezi, wa mtama, wowote. Ukiwa mwepesi ni maji kwa zaidi ya asilimia 85 na unashibisha. Chai na viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha inafuata. Supu ya asubuhi kwa mama lishe nayo inasaidia, ikiwa na ndimu ndiyo kabisa, ila mwenye presha amwambie mapema apunguziwe chumvi.

7. Napenda ng'onda na dagaa wakavu. Vinakausha mwili?

Chumvi yake ndiyo inayokuletea kiu, kwa sababu mwili unahitaji maji zaidi ya kuitoa. Loweka ng'onda au papa mkavu kwenye maji, mwaga, rudia mara moja au mbili kabla ya kupika. Mpike na nazi au nyanya badala ya kumkaanga, na weka kachumbari pembeni. Kachumbari usiitie chumvi tena.

8. Matunda niyale au niyakamue juisi?

Yale. Ukiyala unapata maji yaleyale pamoja na nyuzinyuzi, na huwezi kumaliza machungwa manne kwa mkupuo. Kwenye juisi unayamaliza kwa dakika moja, halafu mtu anaongeza sukari juu yake.

## Vinywaji vyetu

9. Chai na kahawa si zinakausha mwili?

Kwa mnywaji wa kawaida, hapana. Kafeini inaongeza mkojo kidogo, hasa kwa asiyeizoea, lakini maji yanayobaki mwilini ni mengi kuliko yanayotoka. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Ronald Maughan wa Uingereza walipima vinywaji 13 kwa wanaume 72. Kwa muda wa saa nne, chai na kahawa havikuonyesha tofauti ya maana na maji matupu.

Kahawa ya barazani kwenye kile kikombe kidogo haiongezi wala haipunguzi kitu cha kuhesabu. Tatizo la baraza ni kashata. Na tatizo la chai yetu ni sukari. Anayeweka vijiko vitatu kwa vikombe vinne vya siku ameshakula vijiko kumi na viwili kabla ya chakula. Punguza nusu kijiko kila wiki, tia tangawizi, iliki na mchaichai, na ulimi utazoea. Mtu mzima asizidishe kafeini miligramu 400 kwa siku. Mjamzito asizidishe 200.

10. Madafu ni bora kuliko maji?

Ni kinywaji kizuri, ila si dawa ya kila kitu kama yanavyosifiwa. Glasi moja ya maji ya dafu ina potasiamu nyingi, zaidi ya ndizi moja, na sukari yake ni ndogo kuliko ya soda. Sodiamu, madini yanayotoka kwa wingi kwenye jasho na kuharisha, ni kidogo na hutofautiana dafu kwa dafu. Kwa hiyo baada ya kazi ya juani, dafu moja pamoja na chakula chenye chumvi ya kawaida ni mpango mzuri. Kwa kuharisha, madafu hayachukui nafasi ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji (swali la 21). Mgonjwa wa figo asome kwanza swali la 24.

Unaponunua, chagua dafu zima na likatwe mbele yako, kisha linywe hapohapo. Yale yaliyokwisha kumiminwa kwenye chupa zilizookotwa na kukaa juani tangu asubuhi, achana nayo: maji ya dafu yana sukari, yanachacha haraka, na hujui chupa ilioshwa na nini. Nyama laini ya ndani mwambie muuzaji akukwangulie kwa kile kipande cha kifuu. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na wengi wanaiacha kwenye toroli.

11. Soda, juisi za boksi na vinywaji vya kuongeza nguvu vinahesabika?

Kama maji, ndiyo, mwili unayapokea. Tatizo ni mzigo wake. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 hadi 40, karibu vijiko tisa vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja imeshapita hapo.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinaongeza kafeini juu ya sukari. Dereva anayevinywa vitatu usiku ili asisinzie anaahirisha usingizi tu. Anachohitaji ni kulala. Ukitaka ladha, tengeneza ukwaju, ubuyu au rozela nyumbani, sukari uipime mwenyewe. Kuwa makini na barafu: maji yake nayo yawe yamechemshwa. Watu wengi huchemsha maji ya juisi kwa uangalifu wote, halafu wakaitupia barafu ya maji ya bomba.

12. Na maziwa, mtindi, togwa?

Vizuri sana. Kwenye utafiti uliotajwa swali la 9, maziwa yalikaa mwilini muda mrefu kuliko maji matupu, kwa sababu yana protini, mafuta kidogo na madini, na tumbo huyaachia polepole. Mtindi na togwa vinafaa pia. Angalia sukari tu, na togwa iwe ya jana, isiwe imeshaelekea kuwa pombe.

13. Bia baridi si inakata kiu?

Inaburudisha ulimi. Pombe huzuia homoni inayoziamuru figo kubakiza maji, ndiyo maana msalani hakwishi kwendwa. Bia moja ya kiasi ina maji mengi kuliko yanayopotea. Pombe kali na gongo ni habari nyingine, na mnazi uliolala nao usiudharau. Kama unakunywa, weka glasi ya maji kati ya kinywaji na kinywaji, na kula.

14. Maji ya baridi yanagandisha mafuta tumboni? Na ya moto yenye ndimu yanasafisha figo?

Hapana kwa yote mawili. Maji ya baridi yakifika tumboni hupata joto la mwili ndani ya muda mfupi, hakuna kinachoganda. Figo zinajisafisha zenyewe saa 24 bila ndimu. Ukipenda maji ya vuguvugu yenye ndimu kila asubuhi, kunywa, ila suuza kinywa baadaye kwa sababu tindikali hula meno. Kunywa maji katikati ya chakula nako hakuharibu usagaji.

## Kazini, safarini na mwezi wa Ramadhani

15. Nikisafiri kwa basi sinywi kabisa, naogopa kuomba kuchimba dawa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote kwenye ukurasa huu, na linahusu choo zaidi ya maji. Mama anayeuza mboga sokoni kutwa nzima, msichana wa shule yenye choo kisicho na mlango, konda wa daladala, abiria wa basi la Mwanza: hawa wote wanajua maji ni muhimu. Wanajinyima kwa makusudi kwa sababu hawana pa kwenda, au pa kwenda hapafai. Ukiwahubiria glasi nane unapoteza muda wako. Kama wewe ni mwenye fremu, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa soko, choo safi chenye maji na kitasa kitafanya kazi kuliko bango lolote la afya.

Kwa safari yenyewe: usiku wa kuamkia safari kula chakula chenye mchuzi na unywe vizuri, kwa kuwa utakojoa nyumbani. Asubuhi kunywa kikombe kimoja kama saa moja na nusu kabla ya basi kuondoka, uende msalani mara ya mwisho kituoni. Njiani piga mafunda madogo kila baada ya muda badala ya chupa nzima kwa mara moja, kwa sababu mkupuo mkubwa ndio unaojaza kibofu haraka. Beba machungwa au matango. Korosho na karanga zenye chumvi zisubiri. Basi likisimama kwa chakula, anza na choo, kisha maji, halafu foleni ya chipsi. Na mwambie konda mapema kwamba utahitaji kusimama. Akisema basi halisimami, abiria wengine watatu wanaotaka hilohilo huwa wamekaa kimya nyuma yako.

16. Kutokunywa maji kunaleta UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo?

Kunachangia, hasa kwa wanawake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia kwa mwaka mzima wanawake 140 waliokuwa wakinywa kidogo na kupata UTI mara kwa mara. Nusu yao waliongezewa lita 1.5 za maji kwa siku, na maambukizi yao yakapungua kwa karibu nusu ukilinganisha na wenzao. Kubana mkojo kwa saa nyingi nako si kuzuri.

Maji yanasaidia kukinga. UTI ikishaingia, nenda upimwe mkojo. Kununua antibayotiki dukani kwa kukisia kumewafanya wengi warudi na ugonjwa uliozoea dawa.

17. Nafanya kazi juani. Nahitaji chumvi ya ziada?

Mara nyingi hapana, chakula chetu kina chumvi ya kutosha. Unachohitaji ni ratiba: kikombe kimoja cha maji, kama mililita 240, kila dakika 15 hadi 20 wakati wa kazi nzito kwenye joto, na usizidi lita moja na nusu kwa saa. Usiruke chakula cha mchana, maana ndicho kinachorudisha chumvi. Kama kazi inazidi saa kadhaa na jasho linaacha michirizi myeupe kwenye shati, supu au maji ya matunda yenye chumvi kidogo yanafaa.

Mwenzako akianza kuongea visivyoeleweka, akayumba au akazimia huku mwili unawaka, hapo si suala la kumnywesha tena. Mtoe juani, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepeeni, na apelekwe hospitali mara moja. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni.

18. Maji ya kunywa niyaandae na kuyatunza vipi?

Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu. Au tumia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa na usubiri nusu saa. Kwenye jua kali, chupa safi ya plastiki inayopenyeza mwanga, isiyozidi lita 2, ikilazwa juani saa sita nayo inafaa, mradi maji si machafu ya kuonekana.

Maji mengi huchafuliwa baada ya kuchemshwa. Mtungi au ndoo iwe na mfuniko, na kata iwe na mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Ndoo yenye koki ni bora zaidi.

19. Ramadhani nifungeje bila kukauka?

Kwetu tuko karibu na ikweta, mfungo ni kama saa 13 tu mwaka wowote. Mwili wenye afya unauweza. Kosa la kawaida ni kutaka kuyanywa maji yote ya siku dakika kumi kabla ya adhana ya alfajiri. Figo zitayatoa na saa tatu asubuhi hayapo.

Yagawe. Magharibi anza na tende na glasi moja au mbili, kisha uji, ule wenye pilipili manga ndio mahali pake. Halafu sala, halafu futari. Kati ya futari na kulala kunywa kidogo kidogo; anayekwenda tarawehe abebe chupa. Daku liwe na kitu kinachoshika maji: wali na mchuzi, maharage, mtindi, tunda. Sambusa, bajia, achari na samaki wa chumvi viwe vichache usiku wa daku, kesho vitakudai. Kaimati nazo zihesabu, zimelala kwenye shira.

Mchana epuka jua la saa sita hadi tisa kama kazi yako inakuruhusu. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, seli mundu, na mama mjamzito au anayenyonyesha wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, si siku ya tatu ya mfungo. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga ipo.

## Watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa

20. Mtoto wa miezi minne apewe maji, joto likizidi?

Asipewe. Mpaka afikishe miezi sita anyonye tu. Maziwa ya mama ni maji kwa kama asilimia 87 na yanamtosha hata Machi ya Dar. Maji yanamjaza tumbo asinyonye, yanaweza kumletea kuharisha, na yakizidi yanapunguza sodiamu kwenye damu mpaka mtoto akapata degedege. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama anywe. Bibi wa mtoto anaweza kuwa na maoni yake. Mwende naye kliniki, aelezwe na muuguzi.

21. Mtoto anaharisha. Nimpe nini?

ORS na zinki, mapema. Changanya pakiti nzima kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo ndogo, kwa hiyo soma. Aliye chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika kumi, rudia polepole. Iliyobaki baada ya saa 24, mwaga. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Chini ya miezi sita ni miligramu 10. Aendelee kunyonya na kula.

Pakiti ikikosekana usiku, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji safi. Usikisie chumvi: ikizidi ni hatari. Asubuhi katafute pakiti.

Macho yakidumbukia, utosi ukibonyea, akalia bila machozi, akawa mlegevu au hawezi kunywa, au kuna damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya bila kusubiri. Mchanganyiko huu wa chumvi na sukari unaonekana wa kawaida mno, na ndiyo sababu watu huudharau. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, aliishiwa dripu katikati ya kipindupindu akaanza kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari kwa vikombe. Vifo vilishuka sana, na ulimwengu ukaifuata njia hiyo.

22. Mjamzito na anayenyonyesha waongeze kiasi gani?

Kwa kipimo cha Ulaya cha swali la 1, mjamzito huongeza kama mililita 300 kwa siku, anayenyonyesha kama 700. Njia rahisi ni kunywa kikombe kila mtoto anaponyonya. Kwa kichefuchefu cha miezi ya mwanzo, jaribu mafunda madogo ya baridi, tangawizi, au kipande cha embe bichi. Akitapika hata maji kwa siku nzima, aende kliniki.

23. Bibi hataki kunywa maji, anasema hana kiu.

Hadanganyi. Uzee hupunguza hisia ya kiu, na wengine huogopa kuamka usiku kwenda msalani. Usimpelekee jagi ukamwambia amalize. Mpe vitu anavyovipenda kwa nyakati zake. Uji asubuhi, chai saa nne, mchuzi mwingi kwenye wali, papai lililoiva baada ya chakula, maziwa jioni mapema, na maji ya kumezea dawa yawe glasi nzima. Baada ya magharibi punguza, asikose usingizi. Mzee akichanganyikiwa ghafla, usiseme ni uzee tu; kukauka maji ni sababu mojawapo, apelekwe akaonwe.

24. Nina ugonjwa wa figo, moyo, au seli mundu. Majibu ya hapo juu yananihusu?

Si yote. Mwenye figo zilizochoka au moyo uliopungua nguvu huweza kupangiwa kiasi kidogo cha maji asichotakiwa kukizidisha kwa siku, na hapo mchuzi, uji na tikiti vyote vinahesabiwa ndani yake. Fuata alichokwambia daktari wako hata kama jirani anakunywa lita tatu. Mgonjwa wa figo awe mwangalifu na madafu, ndizi na juisi za matunda, kwa kuwa potasiamu ikijazana kwenye damu inaweza kusimamisha moyo.

Mwenye seli mundu ni kinyume chake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi duniani, na kukauka maji ni moja ya vichocheo vya yale maumivu makali. Mtoto wa shule mwenye seli mundu awe na chupa yake ya maji darasani na ruhusa ya kwenda msalani wakati wowote. Mzazi amweleze mwalimu mwanzo wa muhula. Aliyewahi kupata mawe ya figo naye anatakiwa anywe kwa wingi, kiasi cha kutoa mkojo wa angalau lita 2.5 kwa siku.

25. Maji yanaweza kuzidi mpaka yakadhuru?

Yanaweza. Figo zenye afya hutoa takriban lita moja kwa saa, si zaidi sana. Anayekunywa lita nyingi kwa muda mfupi, kwa mashindano au ili "asafishe mwili", huipunguza sodiamu ya damu. Dalili ni kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa, mwisho degedege. Zinafanana na za kukauka maji, na hapo ndipo mtu huongezewa maji zaidi kwa makosa. Ukiwa umekunywa sana na dalili hizo zikaja, acha kunywa na uende hospitali.

26. Nakunywa vizuri lakini mkojo wangu ni wa rangi ya ajabu.

Vidonge vya vitamini B huugeuza njano kali inayong'aa, havina neno. Bitiruti huweza kuuacha na wekundu kwa siku moja. Rifampisini, iliyomo kwenye dawa za TB, huugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya chungwa. Usikatishe dozi kwa sababu hiyo. Lakini mkojo mweusi kama chai ya rangi, pamoja na homa au macho ya manjano, huenda ukawa ni malaria kali au ini. Nenda hospitali siku hiyohiyo.